Depistaji: upimaji kabla ya dalili

Kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kutoka Kavimvira kushuka hadi Baraka, neno depistaji halihitaji mkalimani. Lilitoka kwenye Kifaransa likaenezwa na upimaji wa virusi vya UKIMWI na wa kifua kikuu: mtu anaenda kituo cha afya, anapimisha, anapewa jibu. Likihamia kwenye saratani ya utumbo mpana na puru (puru ni kipande cha mwisho cha utumbo, kinachoishia kwenye njia ya haja kubwa), maana yake huanza kuyumba.

Waandishi wa afya wa Kenya na Tanzania husema "uchunguzi wa saratani". Lakini uchunguzi hufanyiwa pia mgonjwa anayelia na tumbo. Depistaji ni kumpima asiyeumwa popote. Mara nyingi saratani hii huanza kama kinyama kidogo, polipu, kinachoota ndani ya utumbo na kuchukua takriban miaka 10 kabla ya kugeuka saratani. Miaka yote hiyo huenda mtu asisikie maumivu, ila kinyama kinaweza kuvuja damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kinyesi huitafuta damu hiyo. Ikipatikana, daktari hupitisha kamera kwenye utumbo, ndiyo kolonoskopia, na kinyama hukatwa mapema. Ndiyo maana napendelea "upimaji kabla ya dalili". Ni refu, lakini linaeleza nani anaitwa.

Uvira, mji wa mwambao huo wa ziwa, pana kikwazo. Kichocho cha matumbo kipo ziwani na katika bonde la Rusizi, na mayai ya minyoo yake hutoboa utumbo na kuutoa damu. Amiba nayo hutoa damu. Kipimo cha kinyesi hakisemi damu imetokana na kipi: polipu, kichocho au amiba. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha masharti ya Wilson na Jungner kuhusu upimaji wa aina hii, na mojawapo ni kwamba vifaa vya kuthibitisha ugonjwa na kuutibu viwepo. Kumwita mtu mzima apime, kisha kumwacha na jibu la hofu bila kamera wala mpasuaji, ni kumdhulumu.

Marekani mambo ni mengine. Wamarekani Weusi huugua saratani hii na kufa nayo zaidi kuliko Wazungu wa huko, hata mwaka 2009 chama cha madaktari wa tumbo kikashauri waanze kupimwa wakiwa na miaka 45 badala ya 50. Mwaka 2021 umri wa 45 ukapendekezwa kwa watu wote. Mtu wa makabila ya kwetu, Mfuliiru, Mbembe au Munyamulenge, aliyehamishiwa huko kama mkimbizi huandikwa katika safu hiyo hiyo ya Weusi. Je, hatari iko kwenye ngozi? Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliona ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 akataja nyuzinyuzi za chakula kama sababu. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula kati ya Wamarekani Weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini. Wiki 2 tu zilitosha dalili za hatari ndani ya utumbo kupungua kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika Kusini. Wote asili yao ni Afrika. Kilichobadilika ni sahani.

Basi asiwepo wa kusema kabila lake linamkinga kwa kuwa alilelewa kwa bugali, maharage na sombe. Mwenzetu aliyehamia ughaibuni, ukiitwa kupimwa ukiwa na miaka 45, nenda hata kama huumwi. Nawe uliyebaki Uvira, ukiona damu kwenye kinyesi, depistaji si yako tena: unahitaji uchunguzi. Ukimaliza dawa za kichocho au amiba na damu bado inatoka, rudi kwa daktari, mwambie hivyo waziwazi, na uombe kuelekezwa kwenye hospitali yenye kamera.