Nani Afundishe Darasa la Kwanza? Mgawanyo wa Walimu na Maendeleo ya Wanafunzi katika Shule ya Msingi

Kila Januari, mwalimu mkuu wa shule ya msingi nchini Tanzania hukaa na mwalimu wa taaluma kupanga ratiba na kugawa vipindi. Kikao hicho hakina mgeni rasmi, na mara nyingi humalizika kabla ya chai ya saa nne. Makala hii inadai kuwa uamuzi unaopitishwa hapo, hasa wa nani ashike Darasa la I na la II, huamua maendeleo ya wanafunzi kuliko mengi tunayoyapigia kelele, yakiwemo madawati, vitabu na kiwango cha ruzuku.

Desturi tunaijua. Walimu wanaosifika hupelekwa Darasa la VII, kwa kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ndio unaoipa shule jina. Wanaofuatia hupewa Darasa la IV, penye upimaji wa kitaifa. Darasa la I huangukia mwalimu mgeni, au anayekaribia kustaafu, au yule ambaye mkuu hajui ampange wapi. Na serikali ilipofuta michango ya lazima mwaka 2016, wimbi la watoto lilianza kutua hapohapo.

Ingia darasani uone. Mwalimu ameandika sentensi ubaoni, anaonyesha neno mojamoja kwa fimbo, na darasa zima linaitikia kwa sauti ya kupendeza. Mwite mtoto mmoja mbele, kisha ufunike neno la tatu kwa kiganja. Atalitamka bila kusita, ingawa halioni. Mwandikie neno hilohilo peke yake kwenye kipande cha karatasi, naye atabaki anakutazama usoni akitafuta jibu. Amekariri, hajasoma. Mtoto huyu atapanda Darasa la III akutane na masomo yanayomtaka asome ili aelewe, na kuanzia hapo ataachwa nyuma zaidi kila muhula. Mtaala wa mwaka 2015 uliotanguliza Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa Darasa la I na la II ulilenga tatizo hili hasa, ila mtaala haupangi walimu.

Ushahidi wa kwamba vifaa pekee havitoshi upo karibu nasi. Katika miaka ya 1990, watafiti Glewwe, Kremer na Moulin walifuatilia shule za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilizogawiwa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na baadhi hawakuweza hata kuvisoma. Hapa Tanzania, jaribio la KiuFunza la shirika la Twaweza lilihusisha shule 350 katika wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, likilenga Darasa la I hadi la III. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha nafuu katika alama za wanafunzi. Zilizopewa ruzuku pamoja na malipo kwa mwalimu kulingana na wanafunzi wake waliofaulu ndizo zilizosonga mbele waziwazi. Wengi huyachukua matokeo hayo kuwa hoja ya kuwalipa walimu bonasi. Sidhani. Ninavyoyasoma mimi, na nakiri kwamba utafiti haukupima hili, malipo yale yalimpa kila mtoto wa Darasa la II mtu mzima wa kuulizwa kama anajua kusoma.

Kuna pingamizi lenye mashiko: mwalimu hodari akitolewa Darasa la VII, ufaulu utatetereka na mkuu ataitwa kujieleza. Ni kweli, na ndiyo maana sipendi lawama zote zitupiwe wakuu wa shule. Afisa Elimu Kata asiyeuliza chochote kuhusu usomaji wa Darasa la II anawaelekeza, bila kusema, wapi pa kuweka nguvu. Isitoshe, hata mwalimu hodari hafanyi miujiza mbele ya watoto mia. Kwa hilo, jaribio la watafiti Duflo, Dupas na Kremer magharibi mwa Kenya mwaka 2005 linafaa kuzingatiwa: shule zilizoongezewa mwalimu wa mkataba na kugawa Darasa la I katika mikondo miwili kwa kiwango cha uwezo zilifanya vizuri kuliko zilizogawa bila kuangalia uwezo, na walioanza chini nao walinufaika. Sharti ni kwamba mkondo wa chini usigeuzwe jalala la kutupia walimu wasiotakiwa.

Vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) navyo vitumike kumtazama mwenzetu akifundisha herufi, badala ya kusomeana nyaraka. Kwa wakuu wa shule, ombi langu ni moja: ratiba ya Januari ijayo ianze kujazwa kutoka Darasa la I, na jina la kwanza kuandikwa liwe la mwalimu ambaye ungemkabidhi mwanao.