Kutoka kwa Mwalimu Goso hadi Kalumekenge

Ukishuka kwenye pantoni pale Feri, ukaliacha soko la samaki nyuma yako na kufuata barabara ya pwani kupita Kanisa la Azania Front hadi Posta ya Zamani, kisha ukakata kuingia Mtaa wa Samora, utakuta biashara iliyozoeleka katikati ya jiji: vitabu vya mitumba vimetandazwa kando ya njia. Vipo vya sheria, vya uhasibu, vya dini na riwaya nene za Kiingereza ambazo wenyewe wamehama mji. Katikati yake hujificha vitabu vyembamba vya hadithi za Kiswahili, vingine vimepoteza jalada, vingine bado vina mhuri wa shule. Mara nyingi wanaoinama kuvichukua si watoto. Ni watu wazima wenye mvi, na wengi husoma ukurasa mzima wamesimama kabla hata ya kuuliza bei.

Vitabu hivyo vina historia ndefu, na historia hiyo haikuanzia kwa mzazi aliyeingia dukani kumchagulia mwanawe zawadi. Tangu mwanzo kitabu cha hadithi cha mtoto wa Kiswahili kilichapishwa na mtu mwingine kwa makusudi yake: mmisionari, afisa elimu wa mkoloni, kisha dola yetu wenyewe. Kila mwenye mtambo alikuwa na lake. Watoto walichukua hadithi, na mengi ya yale makusudi yakabaki kwenye dibaji ambazo hakuna aliyezisoma.

Tuanze Unguja. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika kisiwani mwaka 1864, alitaka kukijua Kiswahili ili aweze kuhubiri kwa lugha hiyo. Akakaa na wenyeji, akasikiliza, akaandika, na mwaka 1870 mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja ukatoka London, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna Sultani Darai, kisa cha maskini anayepekua jaani, akaokota kipande cha fedha na kununua paa. Paa yule anampatia mke, nyumba na heshima. Lakini anapougua, bwana wake anamsahau. Paa anakufa, na yule bwana anajikuta tena jaani, mkono ukichakura takataka. Hadithi ile haikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao, lakini sijui mtoto aliyewahi kuisikia hadi mwisho bila kukasirika kwa niaba ya paa.

Mna pia hadithi ya Goso, mwalimu aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Buyu linaanguka, linampiga kichwani, anakufa. Wanafunzi wanataka kisasi. Wanaushika upepo wa kusi. Upepo unajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Wanaenda kwa kiambaza, kinawatuma kwa panya. Panya anawatuma kwa paka, paka kwa kamba, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, na mlolongo unaendelea hadi anapopatikana paa aliyekuwa juu ya mbuyu akiiba mabuyu. George Bateman, Mmarekani, aliichapisha tena kwa Kiingereza huko Chicago mwaka 1901. Muweke akilini huyu Goso, maana tutakutana naye tena mahali ambapo Steere hakupata kumtazamia.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliichukua Tanganyika, na shule zao zikahitaji vitabu vya kusoma. Mtu aliyebeba mzigo huo alikuwa Frederick Johnson wa Idara ya Elimu, ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki. Ofisi ya kamati hiyo ilikuwa hapa Dar es Salaam hadi mwaka 1942, ilipohamishiwa Nairobi. Kwa mkono wake, na wakati mwingine akishirikiana na Edwin Brenn, vilitoka vitabu ambavyo babu zetu walivitaja kama watu wanavyotaja jamaa: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina mwaka 1929, Alfu Lela Ulela, Safari za Gulliver mwaka 1932.

Ni haki kusema wazi kwamba Mashimo ya Mfalme Sulemani ni kitabu cha dola la Kiingereza. Wazungu watatu wanaingia bara kumtafuta ndugu wa mmoja wao aliyepotea akifuata almasi, na Mwafrika anapewa nafasi ya mbebaji, mpiganaji au mchawi. Watoto wa Tanganyika waliletewa hicho kama chakula cha akili. Hata hivyo waliosimuliana kitabu hicho usiku hawakusimulia ukuu wa wazungu. Walisimulia kizee Gagula na mlango wa jiwe unaoshuka taratibu. Kiswahili cha Johnson kilisaidia: kilikuwa kifupi, chepesi, cha kusomeka kwa sauti, na hadithi ya Haggard, mtunzi wake wa asili, ilipunguzwa ikabaki mifupa na mbio.

Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies, na michoro yake ikamgeuza yule msichana wa Kiingereza kuwa msichana wa Kiafrika. Ilikuwa hatua ya maana. Mtoto aliyefungua ukurasa ule aliona, labda kwa mara ya kwanza katika kitabu cha kuchapishwa, kwamba anayetumbukia shimoni kufuata sungura anaweza kufanana naye.

Kisha wakaja waandishi wenyewe. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952, akichukua kisa kinachofanana na cha Alfu Lela Ulela na kukipa lugha ambayo mpaka leo hakuna aliyeifikia. Shirika la vitabu la serikali za Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, liliendesha mashindano ya hadithi. Kutoka huko akatoka Mohamed Said Abdulla wa Unguja na Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hakuandikiwa watoto, lakini kijana yeyote aliyekuwa na kaka mkubwa alimsoma kwa siri.

Uhuru ukabadilisha mwenye mtambo. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini, yenye sehemu yake ya watoto. Kwa hesabu za serikali, mwaka huo theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufika mwaka 1986 waliobaki walikuwa chini ya asilimia 10. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na kampeni ya kisomo cha watu wazima, na uamuzi wa TANU mjini Musoma mwaka 1974 wa kumpeleka kila mtoto shule ya msingi. Mamilioni ya watoto waliingia darasani kwa pamoja, na wote wakapewa vitabu vya mfululizo mmoja: Tujifunze Lugha Yetu.

Hapa ndipo vitabu vyetu vilipopata umaarufu usio na mfano. Mtanzania aliyesoma Bukoba na aliyesoma Mtwara, wakikutana leo kwenye foleni ya pantoni, hawana mtaa mmoja wala kabila moja, lakini wote wanamjua Kibanga aliyempiga mkoloni. Wanamjua Brown aliyeshika tama, Bulicheka, Wagagagigikoko, na yule sungura wa sizitaki mbichi hizi, ambaye alitoka kwa Esopo wa Ugiriki akiwa mbweha na kupewa uraia bila mtu kumuuliza pasi. Lengo la dola lilikuwa kujenga taifa, na kusema kweli lilifanikiwa. Ila halikufanikiwa kwa hotuba zilizokuwa kwenye vitabu vile. Lilifanikiwa kwa vichekesho na visa.

Na yumo Kalumekenge, mtoto asiyetaka kwenda shule, na mlolongo wa vitu vinavyoombwa kimoja baada ya kingine kumlazimisha, kila kimoja kikikataa hadi kipatikane chenye nguvu zaidi. Ndiyo ngazi ileile waliyoipanda wanafunzi wa Goso: moto, maji, na vingine vya jamaa hiyo. Hadithi iliyosimuliwa Unguja kabla ya mwaka 1870 kuhusu mwalimu aliyeuawa ilirudi baada ya karne moja kuhusu mwanafunzi mtoro. Bibi aliyekuwa kijijini, asiyejua a wala be, aliweza kuidaka njiani mjukuu alipoisoma kwa sauti na kuimalizia mwenyewe. Mimi naamini hiyo ndiyo siri ya vitabu vilivyodumu kwetu. Vilivyodumu ni vile ambavyo mdomo ulikuwa umevizoea kabla ya jicho.

Uhaba nao ulichangia. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watatu au wanne kwenye dawati moja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuata kwa kidole. Huwezi kukifunua haraka kitabu ambacho si chako peke yako. Tulisubiriana, tukarudia, na kurasa zikaingia kichwani pamoja na picha zake na hata madoa yake. Waliokaa pembeni ya dawati walijifunza kusoma herufi zikiwa mshazari.

Kwa wakazi wa mjini kulikuwa na neema nyingine, ya vitabu kutoka nchi rafiki. Peking na Moscow zote zilichapisha vitabu kwa Kiswahili, vikiwemo vya picha kwa watoto, na vilifika Dar es Salaam kwa bei ndogo sana. Karatasi ya Kichina ilikuwa laini na rangi zake za kung'aa. Nani alisoma siasa iliyokuwa ndani? Watoto waliangalia theluji.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu: fedha za kigeni zilikosekana, karatasi ikaadimika. Mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Njia yake ilikuwa rahisi na ya busara: mchapishaji alileta muswada, ukikubaliwa mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, na zilizobaki akauza mwenyewe. Hatari ya hasara ikapungua, na waandishi wakapata pa kupeleka kazi. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, alianzisha Mkuki na Nyota. Baadaye, mwaka 2008, Edwin Semzaba akatoa Marimba ya Majaliwa, safari ya mtoto anayeizunguka Tanzania akifuata marimba yake, kitabu ambacho ningependa kila shule iwe nacho.

Elisi naye hakufa. Mwaka 2015, miaka 150 baada ya toleo la kwanza la Kiingereza, Ida Hadjivayanis alimfasiri upya kwa Kiswahili cha leo akamwita Alisi. Ni mfasiri huyuhuyu aliyemrudisha Abdulrazak Gurnah nyumbani kwa kuifasiri Paradise kuwa Peponi, iliyotoka mwaka 2022 kwa Mkuki na Nyota.

Siku hizi kurasa za Tujifunze Lugha Yetu zinapigwa picha na kutumwa kwenye simu, na watu wanacheka na kukumbushana majina ya walimu. Ni jambo jema. Lakini tazama kinachotumwa: ni picha ya kitabu cha karatasi, na ukingo uliochanika na jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli. Simu inaazima kumbukumbu ambayo haikuitengeneza. Mtoto wa leo hawezi kuikumbuka picha hiyo kwa sababu hakugombea zamu ya kuifunua, na ndiyo maana mzazi wake anaondoka kwenye simu na kwenda kuinama kando ya njia Samora.

Kitu kimoja kingewezekana bila gharama ya kutisha. Hadithi za Tujifunze Lugha Yetu zingestahili kuchapishwa upya kama zilivyokuwa, na michoro yake ileile, kwa bei ambayo abiria wa pantoni anaweza kuitoa pamoja na nauli. Adili na Nduguze ilipata bahati hiyo. Mkuki na Nyota imeirudisha sokoni, na mzazi anaweza kuinunua ikiwa mpya. Kalumekenge bado anatafutwa kando ya njia, na anayempata humpata bila jalada.