Mafuta ya Lozi, Ndevu za Mdogo Wangu na Deni Langu

Najua nimekuwa kimya, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na mada ambayo wengine mtaicheka: ndevu. Chekeni kwanza, halafu mnisikilize, maana humu ndani kuna kuungama.

Mdogo wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Kidevu chake ni kitupu kama kiganja. Juzi alinipigia simu akiomba shilingi 35,000. Nikamuuliza za nini, akaanza kuzungukazunguka. Mwisho akatoboa: kuna jamaa hosteli anauza chupa ya mafuta ya lozi, eti yanaotesha ndevu ndani ya mwezi mmoja. Bumu limeisha, na wenzake wamemchosha kwa kumwita "dogo". Hata kwenye majadiliano ya darasa, wa kutumwa kutoa fotokopi ni yeye.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, unaibiwa."

Akanijibu, "Kaka, si wewe mwenyewe uliandika?"

Nikanyamaza. Kweli niliandika. Miaka miwili iliyopita ukurasa ulibaki na nafasi, mhariri akataka kitu cha haraka, nikaokoteza mtandaoni "Faida 7 za Mafuta ya Lozi" kwa nusu saa. Faida ya 3: huotesha ndevu. Sikumpigia daktari hata mmoja. Habari ikatoka, jina langu juu, nikasahau. Mdogo wangu hakusahau. Aliikata akaihifadhi, kwa sababu ni ya kaka yake.

Basi usiku ule sikulala mapema. Nilikaa nikasoma, safari hii kwa utaratibu. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Tuanze na lozi yenyewe, maana wengi tunachanganya. Ule mti mpana unaotupa kivuli kando ya bahari, ambao watoto huokota kungu chini yake, si mlozi. Ule ni mkungu. Wazungu waliuita mlozi wa India na mkanganyiko ukaanzia hapo. Mlozi wa kweli ni ndugu wa mpichi, na jina lake tumelipata kwa Waarabu, wanaosema lawz. Asili yake ni Asia ya magharibi na ya kati. Siku hizi sehemu kubwa sana ya lozi za dunia, karibu asilimia 80, hutoka jimbo moja tu la Marekani, California.

Kuna lozi tamu na lozi chungu, na zote ni za aina moja ya mti. Lozi chungu ina kitu kiitwacho amigdalini, ambacho ukiitafuna hugeuka kuwa sianidi, sumu kali. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba mabadiliko madogo katika jeni moja ndiyo yaliyoufanya mti uache kutengeneza uchungu ule. Wakulima wa kale hawakujua habari za jeni. Walichagua miti yenye tunda tamu wakaipanda. Hata kaburi la Tutankhamun, Farao aliyekufa miaka zaidi ya 3,300 iliyopita, lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa na lozi ndani.

Je, ndevu zilianza lini kupakwa mafuta? Zamani mno. Msomaji wa Biblia anajua Zaburi ya 133, inayotaja mafuta yakishuka kwenye ndevu za Haruni. Yale yalikuwa ya zeituni yaliyochanganywa na manukato. Wababeli, kwa mujibu wa Herodotus, walitumia ufuta. Kila watu walipaka mafuta ya mmea waliokuwa nao. Ya lozi tunayakuta kwa tabibu Mgiriki Dioscorides, karne ya 1. Aliandika namna ya kuyapata: lozi chungu zinakaushwa, zinatwangwa kwa mchi wa mbao, zinatiwa maji ya moto, zinakamuliwa. Aliyataja kwa mabaka ya usoni na mba ya kichwani.

Sasa tufike kwenye uongo, na hapa ndipo nilipojiona kwenye kioo.

Mwishoni mwa karne ya 18, kinyozi wa London aitwaye Alexander Rowland alianza kuuza mafuta ya nywele aliyoyaita Macassar, jina la bandari moja ya Indonesia. Matangazo yake yalijaa magazetini miaka nenda miaka rudi, na hayakuahidi kung'arisha nywele tu. Yaliahidi kuotesha: nywele, nyusi, sharubu na ndevu za mashavuni. Mwaka 1819 mshairi Byron aliyatia kwenye Don Juan kwa kejeli, na bado watu walinunua. Wenye kuiga wakatokea, na vitabu vya mapishi ya dawa vya karne ile vikaeleza jinsi ya kujitengenezea nyumbani: chukua mafuta ya lozi au ya zeituni, tia rangi nyekundu ya mizizi, tia manukato, basi.

Waungwana walijipaka hasa, mpaka vichwa vyao vikachafua viti. Ndipo kina mama wa Uingereza wakaanza kutandika vitambaa kwenye migongo ya viti, wakaviita antimacassar, yaani kinga ya Macassar. Ukiingia sebuleni kwa mama yangu utavikuta vitambaa vya aina hiyo hiyo juu ya makochi, vyeupe, vimefumwa kwa mkono, na ole wako uvikalie. Nimekua navyo bila kujua kwamba chanzo chake ni mafuta ya kichwani.

Askari wa Uingereza waliporudi kutoka Vita ya Crimea (1853–1856) na ndevu zao, ndevu zikawa fasheni. Vita Kuu ya Kwanza ikaja na barakoa za gesi, ambazo zilitaka uso mtupu ili zibane vizuri, na nyembe za Gillette zikagawiwa askari wa Marekani kwa mamilioni. Ndevu zikapotea. Miaka ya 2010 zikarudi mijini, na wauza chupa wakarudi nazo. Maneno ni yale yale ya Rowland, tofauti ni kwamba sasa yanakuja kwa simu.

Ukweli wenyewe ni huu. Ndevu huota kwa homoni, hasa testosteroni na ile itokanayo nayo, na kwa urithi wa ukoo wako unaoamua mashina ya nywele yaliyoko kwenye shavu yataitikia vipi. Wanaume wengi ndevu zao huendelea kujaa wakiwa katika miaka ya ishirini na kitu. Mafuta ya lozi hayaingii kwenye hesabu hiyo.

Lakini hayana kazi? Yanayo. Kwa sehemu kubwa yameundwa na asidi ya oleiki na ya linoleiki. Yanatanda juu ya unywele na ngozi, yanapunguza unyevu unaopotea, unywele unalainika na kuteleza, hivyo kitana hakiukati. Ile ngozi kavu inayowasha chini ya ndevu changa hutulia. Ni mepesi na harufu yake ni ndogo. Matone 3 au 4 baada ya kuoga, ndevu zikiwa bado na unyevunyevu, yanatosha. Mwenye mzio wa karanga na jamii zake asiyaguse bila kumuuliza daktari. Na wenye vipele vya baada ya kunyoa, kupumzisha wembe kutawafaa kuliko chupa yoyote.

Basi hilo ndilo sahihisho langu. Faida ya 3 haikuwa kweli. Nimemwomba mhariri tuichape gazetini pia. Ameguna, akasema habari ya miaka miwili nani anaikumbuka. Nikamwambia yupo mmoja, na alikuwa karibu kulipa shilingi 35,000. Bado nasubiri jibu.

Kwa mdogo wangu sikutuma zile fedha. Nilimtumia hela ya chakula, nikamkumbusha kwamba mzee wetu ndevu zake zilijaa akiwa na miaka 27. Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo niendelee kutoa fotokopi?" Hapo sikuwa na jibu.

Je, wewe uliwahi kuuziwa chupa ya namna hii? Sema bila aibu, tuko wengi. Kazi kwenu, wadau.