Screen: Neno Moja la Kiingereza, Ngao na Chekecheke

Majuzi nilikuwa Garissa, mji niliosomesha miaka ya nyuma na ambako hadi leo nikipita sokoni naitwa Mwalimu. Katika siku moja tu nililisikia neno screen mara nne, na kila mara lilikuwa na maana yake.

Asubuhi fundi wa simu karibu na soko la Suuq Mugdi aliniambia skrini ya simu yangu imekufa, haifai ila kubadilishwa. Adhuhuri spika ya hema la afya ilikuwa ikiwaita kina mama waje wafanyiwe screening ya presha na sukari, bure. Alasiri kijana wa stendi akanishauri nipande basi la alfajiri. "Ukichelewa, Mwalimu, kwenye screening mtashushwa nyote mpange foleni." Na usiku, baada ya isha, nilikaa na mzee mmoja tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha nailoni, akakifungua taratibu na kunionyesha kadi iliyochakaa pembe zote. "Hii ndiyo screening yangu," aliniambia.

Nimerudi nyumbani nikalifuata neno hili, nikaona si vibaya niwape nilichokipata.

Lilikotoka

Waingereza walianza kulitumia neno hili katika karne ya 14. Walilichukua kwa Wafaransa wa kaskazini, waliokuwa wakisema escren au escran, yaani kitu cha kusimamishwa mbele ya moto ili joto na cheche zisimpate aliyekaa. Wafaransa nao walilitoa katika lugha za jamii ya Kijerumani. Kiholanzi cha zamani kilikuwa na scherm, maana yake ngao au kinga. Wajerumani wa leo bado wanasema Schirm, na mwavuli wanauita Regenschirm, kinga ya mvua. Hata skirmish, neno la Kiingereza la mapigano madogo, ni nduguye, kwa sababu shina lake lilikuwa ni kujikinga kwa silaha.

Kwa hivyo maana ya kwanza ni kukinga na kuficha. Hiyo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Tuna pazia la mlangoni, na zamani mabibi wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichobebwa juu ya miti ili wasionwe njiani. Tuna pia neno sitara, linalobeba nguo, kinga na heshima kwa pamoja. Tunapoomba Mungu atusitiri tunaomba maana hii ya kwanza.

Chekecheke

Katika karne ya 16 neno lilipata maana ya pili. Wafanyakazi wa makaa, nafaka na mchanga walianza kuita screen lile chekecheke kubwa la kusimamishwa. Ukitaka kuliona, nenda penye ujenzi wowote Garissa. Wavu umekazwa kwenye fremu ya mbao na kuegemezwa, kijana anaurushia mchanga wa mto Tana kwa koleo, laini unapita na kokoto zinabaki upande huu.

Hapo neno liligeuka. Ngao haichagui, inazuia kila kijacho. Chekecheke linachagua, na mwenye kulishika ndiye anayeamua matundu yawe na ukubwa gani. Mama anayechagua mchele anajua kabla hajaketi kwamba mna chuya na mawe, na kazi yake ni kuyatoa. Chekecheke halitumiki ila penye shaka.

Kitambaa cha picha

Maana ya tatu ilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, pale watu wa Ulaya walipoonyesha picha kwa taa kwenye kitambaa kilichotandazwa. Kutoka kitambaa hicho tukapata sinema, kisha televisheni, kisha simu iliyokufa mkononi mwangu. Kiswahili kimekubali skrini, ingawa wengi wetu twasema kioo tu. Ajabu yake ni kwamba kilichoanza kwa kuficha sasa kinaonyesha. Ndiyo sababu Mwingereza akisema filamu ina screening anamaanisha inaonyeshwa watu, na mtu wa Garissa akisikia neno lilo hilo anapapasa mfuko wa kitambulisho.

Hema la afya

Matabibu waliichukua maana ya chekecheke. Kwao screening ni kumpima mtu asiyejisikia mgonjwa, ili ugonjwa ukamatwe mapema. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Wilson na Jungner kilichoweka masharti ya kazi hiyo. Ugonjwa unaotafutwa uwe ni tatizo kubwa kweli. Pawe na matibabu kwa atakayekutwa nao. Kipimo chenyewe kikubalike na wanaopimwa. Gharama ziwe za kiasi.

Shikeni masharti hayo, maana nitayarudia. Matabibu walielewa kwamba kila chekecheke hukosea. Humpitisha mgonjwa na kumzuia mzima, na kwa hiyo si halali kuwachekecha watu kama huna jema la kuwafanyia baadaye.

Kuwachekecha watu

Katika miaka ya 1940, wakati wa vita vikuu, Kiingereza kilianza kulitumia neno kwa watu wanaochunguzwa kama ni wa kuaminiwa. Kenya lilitufikia upesi. Wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya makundi ya screening. Katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954 walipangwa mistari, wakapita mbele ya watu waliofunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho tu. Gunia likitikisika, huyo anayepita amekwisha. Waliitwa gakunia. Tazama hapo neno lilivyokutana na nafsi yake: anayechekecha amesitiriwa, anayechekechwa yuko wazi.

Kaskazini Mashariki mambo yalikwenda njia yake. Mkoloni aliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na kuifunga, mtu asiingie wala kutoka bila ruhusa. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikuta Wasomali wengi wa huko wakitaka kuungana na Somalia, na hawakukubaliwa. Desemba 1963, majuma machache baada ya uhuru, serikali ikatangaza hali ya hatari. Vita vya shifta viliisha mwaka 1967, lakini sheria zile maalumu hazikuondolewa hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo kuna Bulla Kartasi ya Garissa, 1980, na Wagalla ya Wajir, 1984, majina ambayo wenyeji hawayataji wakicheka.

Kisha Novemba 1989 serikali ikatangaza kwamba kila Msomali wa Kenya aliyetimiza miaka 18 atafanyiwa screening, ili raia wajulikane na wageni wajulikane. Kumbuka walikuwa tayari na vitambulisho. Watu wazima, baadhi yao watumishi wa serikali hiyo hiyo, walisimama mbele ya jopo wakaulizwa ukoo wao, ukoo mdogo ndani yake, chifu wao ni nani. Aliyefaulu alipewa kadi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Walioshindwa kujieleza, wapo waliosukumwa ng'ambo ya mpaka. Wadigo wako Kenya na Tanzania, Wamasai vilevile, na hakuna aliyewaita foleni. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti yake ya 2013.

Kadi ya yule mzee ni ya wakati huo. Nikamuuliza, "Adeer, miaka yote hii waibeba ya nini?" Akaniambia mjukuu wake alipokwenda kuomba kitambulisho, afisi moja ilimtaka alete kadi ya babu. Basi kilichotolewa kwa kumshuku mzee ndicho kilichogeuka ushahidi wa mtoto.

Na mambo hayakuishia 1989. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na kwengine, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Mwaka 2019 ndege zinazotoka Mogadishu kwenda Nairobi ziliamriwa tena zitue Wajir kwanza abiria wakaguliwe. Wako pia raia wa Garissa ambao wakati wa ukame walijiandikisha kambi za Dadaab wapate chakula, kisha alama zao za vidole zikawazuia kupata kitambulisho, kwa kuwa mashine inawajua kama wakimbizi. Na Wasomali wa Somalia huwaita wenzao wa Kenya "Sijui", kwa Kiswahili chetu. Kwa hiyo mtu wa Garissa huko ni Sijui, na huku ni mtu wa kuulizwa babu yake.

Na sisi je?

Msomaji wa Mombasa asidhani hii ni habari ya jirani. Wamakonde wa Kwale walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa. Wapemba waliozaliwa Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Mwenye jina la Kiarabu au la Kinubi anaijua foleni ile, na cheti cha kuzaliwa cha babu, mtu aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga.

Tarehe 5 Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini huko Wajir tamko la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa mikoa ya mpakani. Ni jambo la kupongezwa. Lakini tamko husomwa jukwaani, na kitambulisho hutolewa dirishani. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inampa kila raia haki ya kupata hati za utambulisho. Haki hiyo ilikuwepo zaidi ya miaka 14 kabla ya tamko.

Tuyarudie sasa masharti ya Wilson na Jungner. Anayekutwa na presha hupewa dawa. Je, aliyekwama kwenye chekecheke la kitambulisho hupewa nini? Hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu, hapigi kura, na akipanda basi la alfajiri anateremshwa. Uchunguzi wa usalama una haja yake, na watu wa Garissa, waliozika na kuomboleza baada ya shambulio la chuo kikuu la tarehe 2 Aprili 2015, hawahitaji kuambiwa hatari ni nini. Lakini kumuuliza mtu amefanya nini ni tofauti na kumuuliza ametoka tumbo gani.

Basi la Mandera

Namaliza kwa mfano mmoja. Novemba 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Hilo ni chekecheke katika sura yake mbaya kabisa. Tarehe 21 Desemba 2015 walisimamisha basi jingine, karibu na El Wak, wakataka abiria wagawanyike. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwavika wenzao Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016.

Hijabu kwa Kiarabu, kabla ya kuwa vazi, ni pazia, kitu kinachosimama baina ya hiki na kile. Yaani ni screen ya maana ya kwanza kabisa. Ndani ya basi lile zilikutana maana mbili za neno moja, na abiria wakachagua ngao.

Magazeti yetu hutafsiri screening kwa maneno kama msasa, mchujo na ukaguzi. Garissa hawatafsiri, wanaliacha kwa Kiingereza kama lilivyoletwa. Nilipokuwa nikiaga nilimwambia mzee sasa kadi ile aitupe. Aliikunja nailoni mara tatu, akairudisha mfukoni.

"Nitaitupa, Mwalimu," alisema, "siku kitukuu changu atakapopewa kipande kwa cheti chake cha kuzaliwa peke yake."