Waliojifunza Kuusikiliza Nyiragongo

Mwaka 1948 mwanajiolojia Haroun Tazieff alitumwa kuchunguza volkano iliyokuwa imelipuka ubavuni mwa Nyamulagira, katika Kongo ya Wabelgiji. Alipoufikia mlima jirani, Nyiragongo, alikuta kasokoni ziwa la lava inayotokota. Mwaka huohuo, huko Marekani, Claude Shannon wa maabara za kampuni ya simu ya Bell alichapisha makala iliyoipatia habari kipimo cha namba. Hakuna aliyedhani kwamba kazi hizo mbili zingekuja kukutana. Lakini kwa watu wa Goma, walioishi takriban kilomita 15 tu kusini mwa kasoko, swali likawa hili: mlima unasema nini, na tunajuaje kwamba tumesikia sawasawa?

Kwa Shannon, habari ni mashaka yanayopungua. Anayeambiwa kwamba kesho jua litachomoza hajaongezewa kitu. Mkazi wa Goma anayeambiwa kwamba lava imefika Munigi, kitongoji jirani, amepata habari nzito. Kipimo kidogo, biti, ni jibu la ndiyo au hapana pale ambapo yote mawili yana nafasi sawa. Hesabu iliyopatikana ilifanana na ile ya entropia, ambayo wanafizikia walikuwa wakiitumia kuelezea joto tangu karne ya 19.

Mwaka 1957 mwanafizikia Edwin Jaynes alisema kwamba mfanano huo si wa bahati. Chukua gesi ambayo unaijua kwa jambo moja tu, wastani wa nishati yake. Gawa uwezekano kati ya hali zake zote bila kudai lolote zaidi ya hilo unalolijua, yaani chagua mgawanyo wenye entropia kubwa kuliko yote. Kanuni za joto za Boltzmann na Gibbs zinajitokeza zenyewe. Sheria ya fizikia ikawa imezaliwa kutokana na uaminifu kuhusu mipaka ya ujuzi. Ni wazo zuri mno, na bado linabishaniwa.

Kutoka kwenye gesi, wazo la Jaynes lilifika kwenye ardhi. Mwaka 1967 mwanajiofizikia John Parker Burg alilitumia kuchambua mitikisiko. Mbinu za zamani ziliichukulia sehemu ambayo haikurekodiwa kana kwamba ardhi ilikuwa kimya. Burg alikataa: usichokisikia usikiite kimya. Mbinu yake ilienea kwa sababu wapimaji wa matetemeko mara nyingi hushika kipande kifupi tu cha mawimbi, nacho kimechanganyika na kelele za upepo, magari na maji ya ziwa.

Goma ilijua gharama ya kukosa habari. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za Nyiragongo zilipasuka na ziwa la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ina silika kidogo sana, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia kuliko lava ya kawaida. Watu wasiopungua 70 walikufa.

Kufikia Januari 2002, wakati vita vikiendelea na mji ukiwa mikononi mwa waasi wa RCD, vituo viwili tu vya kupima mitikisiko vilikuwa vikifanya kazi, Katale na Bulengo. Hata hivyo mtaalamu wa volkano Dieudonné Wafula na wenzake waliona dalili, wakaonya. Vipimo vilikuwa vichache lakini habari ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa mwenye mamlaka na uwezo wa kuwahamisha watu. Tarehe 17 lava iliteremka, ikakata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakielekea Gisenyi, Rwanda.

Katika miaka ya 2010 mtandao wa vipimo ulipanuliwa kwa ushirikiano na Luxembourg na Ubelgiji. Kisha mwaka 2020 mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa ukikisaidia OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, ulimalizika. Kukata fedha za kituo cha aina hii ni kuziba masikio ya mji mzima, na hilo linapaswa kusemwa wazi. Lakini jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena, kulikuwa na jambo gumu zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi, na mlima ulipasuka bila utangulizi wa kawaida. Ishara zilizotambulika zilitangulia kwa dakika 40 hivi tu. Zaidi ya watu 30 walikufa, na lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Katika siku tano zilizofuata shida iligeuka. Sasa ishara zilikuwa tele: matetemeko mfululizo, nyufa barabarani, picha za rada za setilaiti zilizoonyesha ardhi ikijitanua. Zote zilielekeza kwenye magma iliyokuwa ikisafiri chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, lenye kaboni dioksidi na methani nyingi. Hakuna aliyeweza kusema kama ingetoka. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, na barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro na chukudu, vile vyombo vya mbao vya kubebea mizigo.

Magma haikutoka. Wapo waliosema baadaye kwamba amri ilikuwa ya bure. Hesabu za wataalamu zilikuja kuonyesha kwamba magma ilipanda hadi takriban mita 500 chini ya nyumba zao.