Wagonjwa walisema kweli: historia ya kupe na mzio wa nyama

MTANGAZAJI: Kama uko na jirani au watoto, sogeeni karibu na redio. Leo katika historia tunamzungumzia kupe, yule yule unayemtoa kwenye ng'ombe au mbwa, na jinsi anavyoweza kumfanya mtu ashindwe kula nyama.

Habari hii inaanzia Marekani, kwenye dawa ya saratani. Mwaka 2004 dawa iitwayo cetuximab iliruhusiwa kutumika huko. Katika majimbo ya Tennessee na North Carolina, wagonjwa wapatao 22 kati ya kila 100 walipatwa na mzio mkali walipodungwa. Kwingine jambo hilo lilikuwa nadra. Dawa ni ile ile. Kwa nini watu wa kule tu?

Daktari Thomas Platts-Mills na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichunguza damu. Mwaka 2008 walieleza kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa na mzio hata kabla ya kudungwa. Miili yao ilikuwa inapigana na aina ya sukari iitwayo alfa-gali. Sukari hiyo imo katika dawa ile. Imo pia katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Binadamu hana.

Hapo ndipo watu wengine walipoanza kueleweka. Mzio wa chakula kwa kawaida huja baada ya dakika chache. Huu huja baada ya saa 2 hadi 6. Mtu anakula nyama jioni, usiku wa manane anaamka anawashwa, amevimba midomo, pumzi inabana. Akisema ni nyama, nani atamsadiki, naye ameila tangu utoto?

Huko Sydney, Australia, Daktari Sheryl van Nunen aliwasikiliza wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 2009 aliandika juu ya 25 kati yao. Karibu wote walikuwa wameumwa na kupe. Platts-Mills naye yalimpata: mwaka 2007 aliumwa na kupe wengi porini, na baadaye alipokula nyama ya kondoo, mwili ulimwasha usiku. Mwaka 2011 kundi lake lilieleza kwamba kupe ndiye chanzo.

Wakuu wa afya wa Marekani wanakadiria kwamba huenda watu hadi 450,000 wamepatwa na hali hiyo nchini mwao tangu 2010. Afrika Kusini pia wagonjwa wamepatikana.

Msikilizaji, usiogope kila kupe. Wengi wanaoumwa hawapati mzio huu. Ila ukimkuta kupe mwilini, mshike karibu na ngozi kwa kibano, umvute taratibu, kisha unawe kwa sabuni. Usimchome kwa moto. Ukiwashwa au kuvimba saa kadhaa baada ya kula nyama, nenda zahanati, mweleze mganga ulikula nini, saa ngapi, na kama kupe alikuuma. Pumzi ikibana, nenda mara moja, hata usiku.

Na jirani akikueleza ugonjwa usiouelewa, usimcheke. Wale wagonjwa walisema kweli kabla madaktari hawajajua.

Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.