Mituele ya afya: mambo ya kujua mbele ya kutoa franka zako

Mutu anagonjwa usiku ku Nyangwe. Familia inatafuta pikipiki ya kumufikisha hopitali, tena inatafuta feza. Wengine wanauza mbuzi, wengine wanakopa juu ya mpunga ambao ungali shambani. Mituele ya afya inatengenezwa kwa kupunguza mzigo huo.

Mituele ni nini?

Ni watu wanaoweka feza pamoja mbele ya ugonjwa, ili atakayegonjwa atunzwe nayo. Iko karibu na likelemba, lakini si sawasawa. Ku likelemba kila mutu anapata zamu yake. Ku mituele, asiyegonjwa mwaka mzima harudishiwi kitu: mchango wake umetunza jirani, na mwaka mwingine mchango wa jirani utamutunza yeye. Asiyeelewa jambo hili ataona ameibiwa.

Inchini Kongo, mituele zinapangwa na sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017.

Maneno ya kujua

*Mchango.* Feza ya kila mwaka, mara nyingi kwa kila mutu wa nyumba. Mituele nyingi zinaomba familia nzima iandikwe. Kama kila nyumba ingeandikisha mugonjwa peke yake, sanduku lingekauka upesi.

*Muda wa kungojea.* Mwanamemba mupya anaweza kungoja miezi fulani mbele ya kutunzwa. Ni kwa kuzuia mutu asiingie siku ile anapolazwa.

*Huduma zinazolipwa.* Si yote. Uliza juu ya kupasuliwa, kuzaa, damu, magonjwa ya kudumu kama sukari, na pia safari ya kufika hopitali.

*Sehemu ya mugonjwa.* Kipande cha fakture kinachobaki juu yako.

*Barua ya kituo cha afya.* Mara nyingi mugonjwa anapashwa kupitia kituo kwanza. Akienda hopitali moja kwa moja, mituele inaweza kukataa kulipa, isipokuwa ni hatari ya haraka.

Hesabu kwa mfano

Tuseme familia ya watu 6 inatoa franka 5.000 kwa kila mutu: ni 30.000 kwa mwaka. Mama anapasuliwa, fakture ni 200.000. Kama sehemu ya mugonjwa ni 20 kwa mia, familia inalipa 40.000. Pamoja na mchango, ni 70.000 pahali pa 200.000. Lakini kama operesheni haimo katika orodha, familia italipa 200.000 yote, na mchango umekwisha kutoka.

Ile ya Bwamanda

Ku Bwamanda, kaskazini-magharibi ya inchi, bima ya hopitali ilianza mwaka wa 1986. Mchango ulikusanywa wakati wakulima wamekwisha kuuza mavuno, sababu ndipo feza iko mukononi. Mugonjwa alilipa 20 kwa mia ya fakture, bima ililipa kingine. Kwa wakulima wa Kasongo na Kabambare, somo ni wazi: mchango unaoombwa wakati wa njaa haupatikani.

Na kuzaa bila malipo?

Hiyo ni jambo lingine. Mu Septemba 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, kisha ukapanuliwa mu majimbo mengine. Mama mwenye mimba aulize ku kituo chake kama mpango umefika pale na unalipa nini. Mituele haipashwe kumulipisha mutu kwa huduma ambayo serikali imekwisha kulipa.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutoa feza

- Ni vituo gani na hopitali gani vimekubaliana na mituele hii?
- Orodha ya huduma imeandikwa? Niisome, ao nisomewe.
- Nani anachunga feza, na hesabu inatolewa lini mbele ya wanamemba?
- Nikichelewa kulipa, haki yangu inakatika siku gani?
- Nikikataliwa huduma, nilalamike kwa nani?

Chunga karte na risiti pahali pamoja, na mutu mwingine wa nyumba ajue ni wapi. Mugonjwa mwenyewe anaweza kukosa nguvu ya kuzitafuta.